Honi ya Kingolwira

Bigwa, usiku, kesho unasafiri

Daria mwanangu,

Umelala. Nilikuwa nasikia kitanda kikilia kila ulipogeuka, halafu kikanyamaza, nikajua usingizi umekushinda. Sanduku lako liko mlangoni. Shangazi yako amelifunga kwa kamba ya katani kwa nguvu zake zote, na sijui huko shuleni Tabora utalifunguaje bila panga.

Barua hii nitakupa mkononi kesho ukishapanda. Uifungue treni ikishaipita Kilosa, si kabla. Najua utanicheka kwamba baba mtu mzima anamwogopa mtoto wake, na ucheke tu. Mimi ni mwalimu, nimesema mbele ya watoto na wakaguzi na wazazi wenye hasira, lakini neno hili mbele yako limenishinda tangu ukiwa mdogo.

Mawaidha ya safari sitayarudia. Shangazi yako ameyamaliza yote: fedha ushonee kwenye gauni la ndani, dirisha ulifunge treni ikisimama gizani, kuku wanaouzwa stesheni ya Saranda umnuse kabla ya kulipa, na mfuko usimwachie mtu hata akiwa amevaa rozari. Ameongeza hata habari ya kutokunywa maji mengi, kwa ajili ya choo cha behewa. Mimi nina jambo moja tu, na linatokana na treni hiyohiyo utakayopanda kesho, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimrudisha mama yako nyumbani.

Unakumbuka mama yako akifanya biashara, ingawa ulikuwa mdogo. Alikuwa akipanda mlimani Kinole kwa kaka yake, mjomba wako Pius, akinunua karoti na njegere na ndizi, anashuka nazo hadi barabarani, anapanda lori la mboga kwenda Dar es Salaam. Kurudi alirudi na treni, kwa kuwa nauli ilikuwa ndogo na matenga matupu hayakulipiwa. Treni ilitakiwa kufika Morogoro usiku, na usiku, kama unavyoujua wa shirika letu la reli, ni mrefu. Ubao wa stesheni uliandikwa saa kwa chaki, na ile chaki ilikuwa ikifutwa na kuandikwa tena mpaka ukaona aibu kuitazama. Siku nyingine kichwa cha treni kiliharibika Ngerengere, abiria wakashuka, wakawasha moto, wakapika chai kando ya reli. Kuna watu waliopata wachumba pale.

Sisi wa Bigwa hatukuwa wajinga wa kwenda kukesha stesheni. Tulikuwa na utaratibu wetu. Mwenye mgeni alilala na nguo zake, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, upepo umejazwa. Treni ilipokaribia Kingolwira, kituo cha mwisho kabla ya Morogoro, ilipiga honi, na kwa usiku mtulivu honi ile ilifika mpaka huku kwetu chini ya mlima. Ukiisikia, unaamka, unanawa uso, unapanda baiskeli, na kabla treni haijamaliza kushusha watu wewe uko pale unatafuta tenga lako na mwenye tenga. Kila mtu alifanya hivyo. Nilikuwa nikiwacheka watu wa mjini waliokaa stesheni tangu magharibi wakiumwa na mbu. Mama yako aliposhuka alinikuta nimesimama palepale, karibu na meza ya Mama Hadija muuza chai, na hakuna usiku hata mmoja nilioukosa. Alizoea hivyo. Alishuka bila hata kuangaza macho, akaja moja kwa moja palipo na ile meza.

Nyumba yetu wakati huo ilikuwa ya nyasi. Huikumbuki vizuri, ila huenda unaikumbuka harufu yake. Bati lilikuwa kitu cha kibali, na kibali kilikuwa kitu cha kumjua mtu. Halafu ghafla mambo yakafunguliwa. Ikawa ruksa kuuza na ruksa kununua, maduka ya mjini yakajaa sabuni na mitumba na redio, na bati zikapangwa nje barabarani mtu yeyote azipapase. Mshahara wangu haukuweza kununua hata misumari yake. Mama yako ndiye aliyenunua. Bati zilizo juu ya kichwa chako sasa hivi ni karoti za mama yako, na nilipopanda juu kuzipigilia, jirani zetu wakiwa wamesimama chini wanatazama, nilijiona bwana mkubwa.

Mvua ya kwanza baada ya bati ilinyesha usiku ambao mama yako alikuwa njiani kurudi.

Alipoondoka alikuacha una homa. Hakutaka kwenda, mimi ndiye niliyemwambia aende, kwa kuwa karoti zilikuwa zimeshachimbwa na karoti hazingoji. Kesho yake homa ikashuka. Ukala ubwabwa, ukaomba mwingine, na jioni bibi yako akakuchukua ukalale kwake, pale nyumba ya jirani. Mimi nikalala na nguo zangu kama kawaida, baiskeli ukutani. Ndipo mvua ikaja. Mwanangu, sikuwahi kusikia mvua juu ya bati langu mwenyewe. Nilizoea nyasi, ambazo mvua ikinyesha zinanyamaza. Ile kelele niliifurahia. Nililala chali nikiisikiliza, nikasema moyoni kwamba na mimi sasa ni mtu, hakuna tone litakalonidondokea tena. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, na katika furaha ile nikawa nangoja honi. Sikuisikia. Nikajiambia treni imekwama Ngerengere kama ilivyo kawaida yake, na nikapitiwa na usingizi.

Haikuchelewa sana usiku ule. Ilipiga honi yake Kingolwira kama siku zote, na mimi nilikuwa chini ya bati.

Mama yako alishuka, akaenda kwenye ile meza, hakunikuta. Niliambiwa maneno haya na Mama Hadija mwenyewe, nilipokwenda kumuuliza. Alisema, "Mwalimu, nilimsihi. Nilimwambia, Mama Daria, kaa nami hapa hadi kupambazuke, mumeo atakuja. Akaniambia, mume wangu hajawahi kukosa hata siku moja. Akikosa, basi mtoto kazidiwa. Nikampa chai, hakuinywa."

Akaondoka kwa miguu kwenye mvua, tenga kichwani, peke yake, akiamini kwamba wewe unakufa. Kule chini kwenye kijito, kabla hujaanza kupanda kuja kwetu, udongo ule mwekundu unaujua ukilowa. Alianguka. Alikuwa na mimba, Daria. Wewe hukujua, ulikuwa mtoto. Tulijua mimi na bibi yako tu.

Nilifungua mlango kumepambazuka, nikamkuta amesimama. Hakunisalimu. Alisema, "Daria yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko kwa mama. Amepona. Jana amekula ubwabwa mara mbili."

Akasema, "Basi," akakaa palepale kizingitini, na ndipo nikaona nguo yake.

Asubuhi ile bibi yako na wanawake wawili walikwenda nyuma ya migomba na jembe. Sikuruhusiwa kuwafuata, ndiyo desturi. Uliwahi kuniuliza kwa nini pale nyuma ya migomba hapalimwi, na kwa nini mama yako alikuwa akipafagia. Nilikujibu kwamba ardhi ya pale ni ya kichanga. Sasa umejua, na ni haki yako kujua, kwa kuwa shamba hili ni la ukoo wa mama yako na sasa ni lako. Mimi sijawahi kuwa na shamba Bigwa. Nilikuja hapa kuoa, nikapewa mahali pa kujenga.

Na hapo ndipo panapokuja jambo lenyewe. Kulala usingizi ni kosa, lakini kila mtu hulala. Nililofanya baadaye nilikuwa macho.

Mjomba wako Pius alishuka kutoka Kinole baada ya juma moja. Unajua kwa Waluguru mjomba ni nani. Dada yake akiumia kwenye nyumba ya mtu, yeye ndiye wa kuuliza, na mwenye nyumba ni lazima ajibu. Wazee wa ukoo wakakaa uani kwetu, mama yako akaletwa akiwa bado mdhaifu, amejifunika kanga mbili. Mjomba wako hakupandisha sauti. Aliniambia, "Shemeji, tunataka kufahamu kitu kimoja tu. Dada yangu alitembeaje usiku peke yake wakati ana mume na mume ana baiskeli?"

Nilijua hukumu yake. Mwanamume aliyemwacha mke njiani usiku hadi mimba ikatoka, ukoo wa mke unaweza kumwambia akusanye nguo zake arudi kwao. Nami kwetu nilikuwa nimeshaondoka siku nyingi. Nilifikiria bati, nilifikiria wewe. Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo ningesema nini, kwa sababu mama yako alinitangulia.

Alisema, "Mimi ndiye niliyemwambia asije. Nilimwambia mtoto anaumwa, akae naye. Nikasema nitakuja na wenzangu."

Mjomba wako akanigeukia. "Ni kweli, shemeji?"

Nikasema, "Ni kweli."

Maneno mawili. Wazee wakapumua, wakaanza kuzungumza habari za mvua. Lakini mjomba hawezi kuondoka bila kukata neno. Akasema, "Basi kosa ni lako, dada. Mwanamke mwenye mimba hajiamulii kutembea usiku. Biashara ya treni tangu leo imekwisha. Ukitaka kulima, shamba liko." Mama yako akainamisha kichwa akaitikia, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Kwa hiyo aliiacha. Unakumbuka matenga yaliyokaa stoo mpaka panya wakayala. Alilima mchicha na figiri, akauza hapahapa barabarani kwa watu wanaopita, na hakulalamika, wala hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Mara moja tu, miezi mingi baadaye, mvua ikinyesha na sisi tumelala, alisema gizani, "Bati hizi zina kelele." Nikasema, "Zina kelele." Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote juu ya usiku ule, mpaka alipofariki kwa kifua ukiwa darasa la saba.

Nilimpenda mama yako. Nakuandikia waziwazi kwa kuwa sikuwahi kulisema mbele yako, na labda unaweza kudhani haikuwa hivyo.

Siku ya kuanua tanga uliniambia, mbele ya shangazi yako, "Baba, wewe ndiye uliyemkalisha mama nyumbani. Mama alikuwa anapenda safari zake." Nilikujibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Tangu siku hiyo unanisalimu vizuri, unanipikia vizuri, unanifulia, lakini kuna mahali ulipafunga na hukunifungulia tena. Sikukulaumu. Ulikosea kidogo tu: aliyekataza ni mjomba wako, na mjomba wako alikataza kwa sababu nilimwacha amhukumu mtu asiyestahili. Ulikuwa umeikaribia kweli kuliko ulivyojua, na nilikuogopa kwa hilo.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanicheka pia. Mvua ikinyesha usiku ulikuwa unanisikia nikifungua mlango, unachungulia, unaniona nimesimama kule mbali na nyumba, gunia kichwani. "Baba anakagua mifereji," ulikuwa ukimwambia mama yako, na yeye alikuwa akikwambia ulale. Sikuwa nakagua mfereji wowote. Chini ya bati honi haisikiki mvua ikinyesha, inabidi utoke usimame kwenye migomba. Hakukuwa na mtu wetu ndani ya treni, mama yako alikuwa kitandani, na mimi nilikuwa natoka kusikiliza. Hata sasa natoka. Ikishapiga pale Kingolwira, narudi kulala.

Sasa wewe utafika Tabora. Kwa karatasi utafika jioni, kwa uzoefu wangu utafika watu wakiwa usingizini. Dada wa mwalimu mwenzangu amesema atakuja kukupokea, na ni mtu wa kweli, lakini hata mimi nilikuwa mtu wa kweli. Ukishuka usimwone, nakuomba kitu kimoja, na sikuombi kama mwalimu. Usijaze wewe sababu. Mama yako alijaza sababu, kwa kuwa aliniamini kuliko nilivyostahili kuaminiwa. Mtu akikosekana, fikiria pancha kabla ya kufikiria msiba. Fikiria mvua, fikiria usingizi, fikiria kwamba ni mzembe. Tafuta wanawake wenye mizigo, ukae katikati yao, ununue chai na uinywe, na giza likutane na asubuhi ukiwa umekaa. Hakuna habari mbaya ambayo utaiponya kwa kuikimbilia usiku.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye wa kupokea, usingoje honi. Sisi tulijiona wajanja wa kupunguza usiku. Wale watu wa mjini niliokuwa nawacheka, wakiumwa na mbu kwenye mabenchi tangu magharibi, sasa nawaelewa. Walikuwa wanajua kwamba treni inaweza kuchelewa bila wao kuchelewa.

Kuna jambo lililobaki. Kesho mjomba wako Pius anashuka kukuaga. Ndiye aliyekulipia nauli, kwa ndizi zake, na amekununulia blanketi analolificha ili akushtue, kwa hiyo ushtuke. Nitamwacha akubariki, treni itaondoka, na tutakapokuwa tunarudi Bigwa na baiskeli zetu, pale kwenye kijito, nitamwambia. Nimechagua pale kwa sababu sitaweza kupapita nikiwa nimenyamaza. Nilitaka wewe usikie kwanza, kutoka kwangu, usije ukasikia wakati wa likizo kwa mdomo wa mtu mwingine.

Sijui atasema nini. Amezeeka, na kwa miaka yote hii amenipa heshima ya shemeji mwema aliyekaa na mtoto mgonjwa. Kila Krismasi ananiletea jogoo. Huenda akanyamaza. Huenda akaita wazee tena, waniambie nikusanye nguo zangu, na wakisema hivyo sitabisha, watakuwa wanasema walichotakiwa kusema zamani. Nyumba itabaki na bati zake, ni yako, na shangazi yako atakaa aiangalie. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hakosi chumba cha kupanga mjini. Usije ukaandika barua kwa mjomba wako kunitetea. Nimeshatetewa mara moja na mwanamke wa nyumba hii, na uliona gharama yake.

Kama utanikasirikia, kasirika. Una safari ndefu ya kukasirikia, mpaka Tabora, na treni ikisimama porini bila sababu utapata muda wa ziada. Ukimaliza, niandikie, hata mstari mmoja. Usipoandika nitafikiria pancha.

Ila likizo ukirudi, usiniandikie treni itafika saa ngapi, hakuna anayejua. Niandikie siku tu. Ukishuka Morogoro, usiangaze macho. Nenda moja kwa moja ilipokuwa meza ya Mama Hadija, siku hizi kuna kijana anauza soda pale. Nitakuwa nimekaa tangu mchana, iwe nalala Bigwa au nalala kwingine. Ikichelewa mpaka kesho yake, nitakuwa nimekaa mpaka kesho yake.

Mkono umechoka na mafuta ya chemli yanakwisha. Mvua imeanza, nasikia matone ya kwanza juu ya bati. Wewe bado upo chumbani, sina mtu yeyote kwenye treni usiku huu. Natoka nje kidogo.

Baba yako